Mgongo wa Kusingizia

Leo nimeadhirika. Nimeadhirika mbele ya mama mkwe, mbele ya mke wangu, na mbele ya wasomaji wa hitma wasiopungua thelathini, nikiwa ndani ya kaptura ya kubana iliyochanika pahala ambapo kaptura haifai kuchanika. Naandika haya nimelala kifudifudi. Sababu mtaijua.

Kwa wasionijua: mimi ni mtu wa Azaiba, hapa Maskati, kazi yangu ya ofisini, baba wa watoto watatu, na napenda mbio za baiskeli kuliko inavyomfaa mtu wa umri wangu. Si mbio zote. Nazipenda zile za Ubelgiji na kaskazini ya Ufaransa, za mwezi wa tatu na wa nne, ambapo wanaume wazima wanapita mbio juu ya barabara za zamani za mawe, mvua inawanyeshea, tope mpaka kwenye meno. Hapa Maskati tuko mashabiki saba wa mambo hayo. Tuna kikundi chetu kwenye simu, kinaitwa Wana wa Mawe. Tangu mwezi wa kwanza hatulali (tunalala, lakini tumeshabishana kwanza nani atashinda na matairi yake atayatia upepo kiasi gani).

Mwaka huu nilikuwa na jambo langu. Nataka kwenda huko. Wiki moja tu, mwezi wa nne, nisimame kando ya barabara niyaone mawe kwa macho yangu. Zuwena, mke wangu, hakukataa. Alisema nitakwenda ikiwa mama yake atakubali kuja kukaa naye wiki hiyo, maana mdogo wetu ana miezi mitano na wakubwa wake wawili wanapanda makabati. Kwa hiyo safari yangu yote ilikuwa mkononi mwa mama mkwe wangu, Bi Rukia wa Al Amerat, nyuma ya majabali.

Na leo ndiyo siku niliyoipanga kumwomba. Ilikuwa hitma ya marehemu baba mkwe, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mzee yule alikuwa mwenzangu. Kila msimu alikuwa akija kukaa na mimi kwenye televisheni kutazama mbio za mawe, na kila mwaka aliuliza swali lile lile: nchi tajiri kama ile, kwa nini hawatii lami? Kila mwaka nilimweleza, na kila mwaka hakuridhika.

Hitma yake inasomwa tangu asubuhi nyumbani Al Amerat, kisha adhuhuri watu wanakula pilau. Desturi ya nyumba ile, wakwe wanaume tunafika asubuhi mapema kutandika majamvi na kubeba masufuria. Mimi ndiye mkwe mwenye mabega. Nilikusudia nibebe sana, Mama anione natoka jasho, halafu baada ya chakula niseme neno langu.

Mpango mzuri. Ukaharibika Alhamisi, Khalfan, mmoja wa Wana wa Mawe, alipoandika kwenye kikundi kwamba mbio zetu ni Jumamosi asubuhi, yaani leo.

Niwaeleze. Kila mwaka, kabla msimu haujaanza huko kwao, sisi saba tunafanya mbio zetu wenyewe kwenye barabara mbovu tutakayoipata. Mshindi anakalia kiti cha katikati, mbele ya televisheni, msimu mzima. Mimi miaka sita mfululizo, nyumbani kwangu mwenyewe, nimekalia mto karibu na mlango. Mwaka huu nilikuwa nimefanya mazoezi wiki tatu, kila alfajiri, na miguu ilikuwa myepesi ajabu. Nikajiambia nitashinda asubuhi, nitaoga, nitavaa kanzu, adhuhuri niko kwenye hitma. Kilichobaki ni udhuru wa asubuhi tu.

Ijumaa jioni nikampigia Mama simu. Nikamwambia mgongo umenikaza, sijui nimelalaje, nitafika adhuhuri lakini kubeba sitaweza. Akasikitika kweli kweli. Akaniuliza unauma juu au chini. Nikasema katikati (swali hilo sikuwa nimejitayarisha nalo). Akanikataza hata kuinua ndoo. Zuwena, ambaye alikuwa ameshakwenda kwa mama yake na watoto, akanitumia ujumbe kunielekeza mfuko wa maji ya moto uliko. Niliona haya. Haya zenyewe zilidumu kama dakika tano.

Leo baada ya sala ya alfajiri Khalfan akanipitia na pikapu yake, baiskeli yake nyuma, nikapandisha na yangu. Mimi najua tunakwenda Rusayl, nyuma ya maghala, ambako kuna njia mbovu tuliyoizoea. Mara naona anakamata njia ya milimani.

Nikamuuliza tunakwenda wapi.

"Rusayl wametia lami," akasema Khalfan.

Kisha akanieleza kwamba amepata njia nyingine nzuri zaidi, mawe matupu, kwenye viwanja vipya vya Al Amerat. Nikamuuliza upande gani. Akasema mbali huko nyuma, hakuna watu. Nikajituliza. Al Amerat ni kubwa, nikajiambia. Kumwambia ukweli sikuweza, kwa sababu Khalfan ukimwambia siri asubuhi, adhuhuri unaisikia kwa watu wa Sohar.

Tulipofika, wenzetu walikuwa wanatungoja. Khalfan alituletea namba za karatasi, akatubana nazo mgongoni kwa pini nne nne, kama wale wa Ubelgiji. Mimi nikapewa namba moja, kwa sababu ya umri. Njia yenyewe alikuwa ameichora mishale ya chokaa tangu jana.

Tukaanza. Jamani, niliruka! Mawe yanatikisa mpaka macho, mikono inakufa ganzi, na mimi niko mbele. Nikageuka nyuma, wawili wamesimama na pancha, wengine wanahangaika kwenye vumbi. Sijapata kuwa mbele ya mtu yeyote katika maisha yangu ya baiskeli. Nilikuwa nacheka peke yangu, mdomo wazi, vumbi linaingia.

Mshale mmoja ukanipeleka kushoto. Nikapita msikiti, nikauona kama msikiti ninaoujua. Nikapita duka, duka pia nikalijua. Kisha ikanifikia harufu ya pilau.

Nikainua kichwa. Tangi la maji la buluu, juu ya paa la mama mkwe.

Kichochoro chake kilikuwa kimechimbwa kwa ajili ya mabomba na kufukiwa mawe, na Khalfan, ambaye hajui mama mkwe wangu anakaa wapi, alikuwa amekiona akakipenda. Mlango mkubwa wa ua uko wazi. Magari ya wageni yamepangwa upande mmoja. Kugeuza haiwezekani. Basi nikaamua nipite kasi, kichwa chini. Nani atamjua mkwe wake ndani ya helmeti na miwani nyeusi? Na wallahi ningepita.

Lakini pale mlangoni, kwenye kiti cha plastiki, alikuwa amekaa Mjomba Seif, kaka mkubwa wa Mama, analinda sufuria. Mjomba Seif hakunijua. Yeye humsalimu kila anayepita, awe anamjua au hamjui.

"Assalaam alaykum," akasema, ile salamu ya pole pole ya watu wa zamani.

Mtu mzima amekutolea salamu. Utafanya nini? Kabla akili haijauliza, mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshaacha usukani uko kifuani, kama nilivyofunzwa tangu mtoto, na mdomo umeshajibu.

"Waalaykum salaam, Mjomba."

Mkono mmoja juu ya mawe, na kasi ile. Wale wa Ubelgiji wenyewe hawathubutu. Usukani ukageuka, baiskeli ikaenda kwake na mimi nikaenda kwangu. Nilitua miguuni pa Mjomba Seif, kwa mgongo, juu ya zile pini nne. Katikati. Pale pale nilipomwambia Mama.

Mjomba aliinama akanitazama. "Huyu si mume wa Zuwena?" akauliza, na hapakuwa na wa kumjibu ila mimi.

Nikajaribu kuinuka. Mgongo ukakataa. Kaptura nayo imechanika, ndipo nilipousikia upepo. Mama akatoka mbio, akanitupia kanga, akaangalia baiskeli, akaniangalia mimi, akaiangalia tena baiskeli. Kisha akajishika kifua.

"Seif, nnakwambia huyu mtoto jana hawezi hata kuinua ndoo," akasema, na machozi yanamtoka. "Leo kaja kwa baiskeli kutoka Azaiba, kavuka majabali, asiikose hitma ya marehemu."

Nilifungua mdomo niseme ukweli. Nawaapia niliufungua. Ukajifunga wenyewe.

Mashemeji zangu wawili, waliobeba masufuria asubuhi nzima kwa niaba yangu, sasa wakanibeba na mimi. Wakanipitisha ukumbini katikati ya wasomaji, nimezongwa kanga ya maua mekundu, na kila mmoja akaacha kusoma kidogo kuniombea dua. Mzee mmoja alisema vijana kama hawa hawapo siku hizi.

Wakanilaza chumbani. Mama akaleta mafuta ya karafuu, akampa Zuwena anisugue, yeye akakaa kitini karibu na mlango. Zuwena akaifunua kanga. Nikasikia pini zinatolewa, moja, mbili, tatu, nne. Akaikunja ile karatasi ya namba, akaitia mfukoni, akaanza kunisugua kwa nguvu ambazo hazikuwa za tiba.

"Mwanangu," akasema Mama, "leo umenifurahisha. Lolote unalotaka kwangu sema."

Haya, nyinyi mngefanya nini? (Msijibu.) Nikasema, uso ndani ya mto, kwamba kuna safari ya wiki moja mwezi wa nne, na Zuwena angefurahi kama Mama angekuja kukaa naye. Mama hata hakuuliza safari ya wapi. Akasema atakuja, tena kwa moyo mweupe. Zuwena akasugua zaidi.

Kwa muda wa nusu saa mimi nilikuwa mtu mwenye bahati kuliko wote Maskati.

Pilau likapakuliwa. Nikainuliwa, nikavishwa kanzu ya marehemu, nikaegemezwa mito ukumbini karibu na Mjomba. Wanaume wamekaribia kumaliza kula, Mama ameingia kuniangalia hali, ndipo Khalfan akatokea mlangoni. Wenzetu wengine aliwaacha kwenye pancha zao. Mimi alinipata kwa kuiona baiskeli yangu iliyoegemezwa ukutani. Nikamkonyeza. Nikamkonyeza kwa jicho jingine. Lakini nyumba ile mtu hasimami mlangoni siku ya hitma, na alishakaribishwa, ameshaketishwa mbele ya sinia, ameshatia tonge.

Mama akamuuliza kwa huruma kama naye ni katika walionisindikiza kutoka Azaiba, na mgongo ule.

"Mgongo gani, Mama?" akasema Khalfan, mdomo umejaa. "Leo katuacha wote. Wiki tatu hizi tunafanya mazoezi pamoja, hajaumwa hata kidole. Nimemchukua kwake alfajiri kwa gari, kapandisha baiskeli mwenyewe."

Mjomba Seif akaacha kutafuna. Zuwena akatoka nyuma ya mama yake, akaitoa ile karatasi mfukoni, akaikunjua taratibu akaiweka mbele yangu juu ya jamvi. Namba moja. Khalfan akaitazama, akanitazama, akaelewa, akazidisha tonge.

Natamani Mama angepiga kelele. Hakupiga. Safari yangu ameshaijua ni ya wapi: alimgeukia Khalfan, akamuuliza kwa upole hayo mashindano ya mawe huko Ulaya yanakwisha lini.

"Mwisho wa mwezi wa nne, Mama."

"Basi," akasema Mama, "mgongo huu utapona mwezi wa tano. Kabla ya hapo haupandi ndege."

Nikasema lakini Mama. Akaniuliza, kwani hauumi? Na ubaya ni kwamba sasa unauma. Nikasema unauma. Akasema basi tumeelewana. Mashemeji zangu walicheka mpaka mmoja akatoka nje.

Nikarudishwa chumbani, na ndiko niliko mpaka sasa hivi, alasiri hii. Mama aliingia baadaye na kahawa. Hakukaa kwenye kile kiti cha mlangoni. Alikaa karibu. Nikamwomba radhi, nikaomba vizuri, bila ya mzaha. Akasema ameshanisamehe tangu nilipojibu salamu ya kaka yake.

"Marehemu alikuwa akikaa na wewe kutizama hayo mawe," akasema. "Mimi nlikuwa nnaleta kahawa nnaondoka. Mwezi wa nne nnakuja Azaiba kama nilivyosema. Ntakaa hapo alipokuwa akikaa yeye, unieleze."

Hapo ndipo nilipoona haya za kweli, si zile za dakika tano. Siku ya hitma yake mzee yule, nimeshindwa kumbebea hata sufuria moja. Nikageuza uso ukutani, nikalia kidogo, nikasingizia karafuu.

Mama akamimina kahawa ya pili, akafikiri.

"Lakini nchi tajiri kama ile," akasema, "kwa nini hawatii lami?"

Basi mmeshajua. Wana wa Mawe, kiti cha katikati mwaka huu kimeshapata mtu, na si mimi wala si Khalfan. Anayetaka kucheka acheke huko huko alipo, ila nawaomba msinitumie kitu cha kunichekesha. Mgongo unauma kweli. Katikati.