Kaburi Lenye Mapovu

Siku Elineema alipoiona bahati yake, ilikuwa imefunikwa kitambaa.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la duka moja pale Kilindoni, amejiinamia. Kinywaji chake cha kuongeza nguvu, kilichoitwa Tabasamu, kilikuwa kimemshinda kuuza Dar, kikamshinda Morogoro, na sasa kilimshinda hata hapa kisiwani Mafia. Ladha yake ilikuwa ya dawa ya kikohozi iliyoachwa juani, na tarehe ya kuharibika ilikuwa inakuja mbio. Basi akawaona wanafunzi watatu wakiingia dukani. Wakazipita pipi. Wakaipita mipira. Wakaenda kusimama mbele ya rafu ya sigara, ambayo mwenye duka alikuwa ameifunika kitambaa na kuandika: WATOTO MARUFUKU. Walisimama pale shingo nje kama kuku waliosikia mtama.

"Kumbe!" Elineema alijiambia. "Mtoto haitwi. Anafukuzwa!"

Wiki haikuisha, lebo mpya zikashuka kutoka Dar. Nyeusi tii. Juu kuna jiwe la kaburi, katikati jina la kinywaji, KABURI, na chini yake, kwa herufi nyekundu kubwa kuliko jina lenyewe: HAIFAI KWA WALIO CHINI YA MIAKA KUMI NA MINANE. Ndani ya kopo, Tabasamu ilikuwa ileile.

Wa kwanza kuuziwa alikuwa Warda, mwenye duka la jumla, mwanamke ambaye hata salamu aliipima kabla ya kuitoa.

"Kaburi?" Warda alilishika kopo kwa ncha za vidole. "Nani atakunywa kaburi, baba weye?"

"Wewe ungekunywa, dada?"

"Astaghfirullah!"

"Na yule?"

Warda akageuka. Mwanawe wa kidato cha pili alikuwa ameshachukua kopo, analisoma huku macho yakimng'aa kama aliyeokota simu.

"Sasa hili onyo si litawafukuza?" Warda akauliza kwa sauti ya chini.

"Dada Warda, hilo onyo ndilo tangazo. Serikali ikija, tumeonya. Mtoto akija, tumemwita. Huo ndio uuzaji wenye maadili, na mimi nimeusomea."

Alikuwa ameusomea kwenye simu, boti ikimyumbisha, njia nzima kutoka bandari ya Nyamisati, bara.

Warda akanunua uwakala pekee wa kisiwa kizima. Jioni hiyo hiyo uwakala pekee wa kisiwa kizima ukanunuliwa Miburani. Kesho yake ukanunuliwa na jamaa wa kijiji cha Juani aliyekuja mjini kufuata misumari. Kisiwa kikawa na mawakala pekee wengi kuliko visima, na kila mmoja ameapishwa asimwambie mtu.

Wala msidhani huyu ndiye wa kwanza. Sisi wengine hatusahau. Tunawakumbuka waliokuja uwanja wa mpira na kofia za bure na sigara za bure, wakaondoka na mapafu ya vijana wetu. Tunawakumbuka wa pombe za vipakiti, zenye picha za mabingwa wa masumbwi, zikauzwa kando ya ubuyu. Kila aliyekuja alikuwa na tabasamu, na kila aliyekuja alisema kijana ana uhuru wa kuchagua. Kijana akachagua, tukabaki naye sisi.

Elineema lakini alikuja na adabu zaidi. Aliandaa Semina ya Uuzaji Wenye Maadili kwa Vijana, chini ya turubai, na pilau. Alilia kidogo alipotaja kizazi kijacho. Kisha akagawa fulana zilizoandikwa MIMI SI MTOTO, saizi ndogo zikaisha kwanza.

Shuleni ikawa vita. Asiyenywa Kaburi ni mtoto. Anayekunywa moja ni mtoto aliyechangamka. Umi, binti wa kidato cha kwanza, akanywa mawili kwa mkupuo mbele ya wenzake, akashangiliwa, halafu akaanguka. Walimpeleka zahanati akitetemeka kama wavu ulionasa jodari.

Siku ya pili yake, bibi yake Umi akaja kwenye chumba alichopanga Elineema. Jina lake Bimkubwa, muuza vitumbua, mwembamba, mpole wa sauti. Watu waliomjua waliiogopa hiyo sauti.

"Shikamoo mama," Elineema alisimama haraka.

"Marahaba, mwanangu. Weye ndo Kaburi?"

"Mimi ni mkurugenzi wake tu, mama."

"Mjukuu wangu moyo umempiga ngoma usiku kucha."

"Pole sana, mama. Lakini kopo limeandikwa."

"Limeandikwa, nimeliona. Kubwa hilo, hata miye nimelisoma bila miwani." Bimkubwa akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa. "Nasikia Ijumaa una shughuli."

Elineema alisubiri matusi, yasije. Akapumua. Akamweleza. Ijumaa ni uzinduzi mkuu. Ametengenezewa jeneza jeusi la mbao, limejaa makopo. Vijana wa suti nyeusi watalibeba kutoka dukani kwa Warda hadi gatini, muziki juu, wakigawa. Ambalo hakumweleza ni kwamba chini ya makopo ungelala mkoba wenye malipo ya mawakala pekee wote, na kwamba jeneza lingepanda boti ya kwenda Nyamisati, yeye akiwa nyuma yake. Hakuna mtu anayepekua jeneza. Mawakala wakianza kukutana na kuulizana, yeye awe Mbagala anakula chipsi.

"Utapita njia ya msikiti?"

"Ndiyo, watu wanapotoka kuswali. Wanakuwa wengi."

"Vizuri. Basi zima muziki ukifika pale, mwanangu. Watu wazima watakusifu kwa adabu yako."

"Kweli kabisa, mama. Hilo ni la maadili."

"Na usiliache wazi. Jua la Ijumaa litakuchemshia soda. Ntakupa shuka zuri la kijani, ulifunike."

Elineema alimshika mikono yote miwili. "Mama, wewe ulipaswa kuwa kwenye matangazo!"

"Vitumbua navyo vinataka akili," Bimkubwa akajibu, akaondoka.

Sasa, kwa Elineema, kule milimani alikozaliwa, wabebaji wa jeneza huteuliwa, hupangwa kwa urefu, hutembea polepole kama wanaokagua barabara. Hakuna anayewapokonya. Hajawahi kukaa mahali ambapo jeneza likipita, muuza duka anaacha mizani, kinyozi anaacha kichwa nusu, kila mwanamume anakimbia kutia bega japo hatua tatu, apate thawabu, kisha anampisha mwingine. Jeneza kwetu halibebwi na mtu. Linapita juu ya mji kama maji.

Ijumaa, msafara ukafika msikitini. Muziki ukazimwa. Shuka la kijani likatulia. Vijana wa suti wakainamisha vichwa kama walivyoelekezwa. Milango ikafunguka, kanzu zikamwagika barabarani, na mbele yao kulikuwa na jeneza limefunikwa, kimya, jua kali.

"Inna lillahi," mtu mmoja akasema.

"Nani huyo?"

"Beba kwanza, utauliza mbele!"

Wa kwanza kutia bega alikuwa Kombo, dalali wa mnada wa samaki. "Tupisheni, vijana, nasi tupate!"

"Mzee, ngoja, hili ni la—" Elineema alianza.

"Pole sana, ndugu. Mwenyezi Mungu akupe subira." Mkono ukamsukuma nyuma kwa upole. Mkono mwingine, pole sana, nyuma zaidi. Pole ya tano ikamkuta nyuma ya watu wote, na jeneza linaondoka mbio.

"Mzito huyu!" sauti ikatoka mbele.

"Alikuwa na mwili."

"Mbona anagongagonga?"

"Mifupa. Kaza mwendo!"

Elineema alikimbia na kiatu kimoja. Alifungua mdomo apige kelele kwamba hamna maiti. Akaziona kanzu. Akawaza watu hawa, udhu haujawakauka, wakigundua wamebebeshwa soda kwa tahlili. Mdomo ukajifunga wenyewe.

Kwenye kona, Bimkubwa alisimama katikati ya njia, baibui likipepea, analia kama mwenye kulipwa.

"Mnampeleka wapi, wanangu? Hajakoshwa! Mwanamke huyo! Mleteni ndani kwa wenziwe!"

Jeneza likakunja kona, likaingia uani kwake. Mlango ukafungwa. Elineema akaufikia akihema.

"Niingie, mama!"

"Weye mumewe?" Bimkubwa akauliza kutoka ndani.

"Mume wa nani? Hapana!"

"Kakaye? Babaye?"

"Hapana, lakini—"

"Mwanamume asiye wake atazame mwanamke akikoshwa?" Kombo akamkalisha mkekani kwa kumbonyeza bega. "Huzuni imemchanganya. Mpeni kahawa."

Ndani kukasikika *pssss*. Kisha maji kumiminika. Kisha *pssss* nyingine.

"Nini hiyo?" mzee mmoja akauliza.

"Wanamkosha," Kombo akasema bila kupepesa jicho.

Walimkosha sana. Elineema alipewa pole na kila aliyepita, huku akisikia mali yake ikienda shimoni kopo kwa kopo, na wanawake, Mungu awasamehe, wakichekea mitandioni. Alinyanyuka mara mbili. Mara zote mbili akapewa kahawa. Kule gatini boti ikapiga honi.

Mlango ukafunguka. "Tumemaliza," Bimkubwa akasema. "Kwao ni bara. Mwahisheni boti."

Mabega yakalirukia. Safari hii lilikwenda kama limeota mbawa, na Elineema akalifuata, kwa sababu angefanya nini?

Boti ilipong'oa nanga, Kombo, aliyeijua siri ya Bimkubwa tangu mwanzo, akawaambia wanaume kile walichobeba. Kulikuwa na waliokasirika. "Bimkubwa, umetufanya wajinga!"

"Mmetoa uchafu mjini kwa mabega yenu," Bimkubwa akajibu. "Mlitaka thawabu gani tena?"

Akakaa kizingitini, mkoba alioutoa jenezani ukiwa mapajani. Kila wakala aliyetaka chake alipewa, ila kwanza asimame mbele ya wazazi aseme kwa mdomo wake aliwauzia watoto wa nani. Warda alisimama wa mwisho, mtandio umefika puani. Alianza na mwanawe mwenyewe, akashindwa kuendelea, mamake Umi akamletea maji.

Na baharini, abiria wote walikuwa wamejibana upande mmoja wakimwachia nafasi mfiwa. Elineema aliingiza mkono chini ya shuka. Akapapasa. Makopo matupu. Akapapasa pembeni, akapapasa chini kabisa hadi kwenye ubao. Kisha akauweka uso wake juu ya lile jeneza akalia, kilio cha kweli, kilio ambacho semina haifundishi.

Mama mmoja akamsogelea, akamwekea mkono mgongoni.

"Jikaze, baba. Alikuwa nani wako?"

"Mama," Elineema akasema, na kwa mara ya kwanza tangu afike Mafia hakudanganya, "alikuwa kila kitu changu."