Vipokezi vya Baba na Ng'ombe wa Gidamis

Jumatatu, 2 Juni 2025

Nimerudi kutoka Hanang mikono mitupu. Nimedhalilishwa mbele za watu!

Baba aliweka ng'ombe wake kwa mzee Gidamis tangu mimi mtoto. Ndiyo desturi: ng'ombe wako anakaa kwa rafiki, maziwa anakunywa yeye, ndama ni wako, karatasi hakuna. Ukiwataka unakwenda mwenyewe, unamtaja kila mmoja na mama aliyemzaa, unapewa. Leo nimekwenda mimi, Yonas, mtoto pekee wa kiume wa Akonaay. Nimetoa shikamoo kwa adabu zote. Gidamis akasema haya, taja. Nikasema yule mwekundu. Akauliza ni mtoto wa nani. Nikasema ni mtoto wa ng'ombe. Boma zima likacheka, hadi kina mama waliokuwa wakikamua. Akasema nimlete baba aseme kwa mdomo wake, la sivyo sipati hata mkia.

Sasa baba mwenyewe ndiye huyo, anasahau. Jana kaniamkia shikamoo. Mimi! Nikaitikia marahaba, ningefanyaje.

Jumatano, 4 Juni

Suluhisho limepatikana, tena redioni. Mtaalamu anasema ubongo una chembe zinazotumiana ujumbe, na kila chembe ina vipokezi vya kuupokea. Kumbukumbu zote zinapitia hapo. Alikuwa ndiyo anaingia kwenye tiba, dada Fausta akahamisha stesheni asikilize kwaya. Makusudi kabisa.

Si kitu. Nimemalizia mwenyewe kwa akili yangu. Vipokezi vya baba vimechoka, na kilichochoka hupumzishwa. Nimenunua dukani vidonge vya mafua, vile vya kusinzisha. Fausta anasema tumpeleke Haydom kwa daktari. Nikamwambia yeye kasomea ushonaji, mambo ya ubongo aniachie mimi. Akaniuliza mimi nimesomea nini. Dharau!

Jumamosi, 7 Juni

Baba analala vizuri mno. Tatizo ni akiamka. Leo kamkaribisha jogoo ndani, kampa kigoda, kamuuliza habari za safari. Naye Fausta, baba kamwita kwa jina la marehemu mama. Nimeongeza kidonge. Fausta kanifokea, kasema ninammaliza baba. Nikamjibu kwamba shamba huwa baya kwanza ndipo lilimwe. Hakuelewa. Kusema kweli hata mimi sikuelewa sana, lakini nilishasema.

Jumanne, 10 Juni

Fausta kampandisha baba basi la Haydom bila ruhusa yangu. Nimewakimbilia na kupanda. Siwezi kumwacha Fausta na baba peke yao njia nzima. Vipi kama baba angekumbuka ng'ombe ghafla, akamtajia yeye?

Daktari Irene, mtoto mdogo kabisa, kauliza baba anatumia dawa gani. Nikakohoa. Fausta akachomoa pakiti kwenye pochi, kaibeba kama ushahidi wa mahakamani! Daktari akasema hiyo dawa inakwenda kukalia vipokezi vilevile vya kumbukumbu. Ujumbe unafika, unakuta mlangoni kuna mtu kakaa. Kwa mzee ni hatari, iachwe leo hii. Wote wakanigeukia. Nikamwambia hata redio haikusema hivyo.

Kisha akasema jambo jingine. Vidonge viliongeza tu, ugonjwa wenyewe upo. Chembe zinakufa, na zilizokufa hazirudi. Kuna dawa ya kufanya ujumbe ukae kidogo zaidi kwenye vipokezi vilivyobaki, itamsaidia kwa muda, haitamponya. Mambo ya juzi yatatangulia kupotea, ya zamani yatafuata. Fausta akaanza kulia. Mimi nikauliza swali la maana: ng'ombe ni mambo ya juzi au ya zamani? Na je, vipokezi vilivyobaki haviwezi kutengewa ng'ombe tu? Daktari kaniuliza kama na mimi ningependa kupimwa.

Alhamisi, 19 Juni

Baba katulia. Hata yule jogoo, baba kamfukuza ndani. Jioni hii, akiota moto, kaanza kutaja ng'ombe mmoja mmoja, na mama zao, na bibi zao. Fausta kasogea kusikiliza. Nikamtuma maji. Akasema maji yapo. Nikamtuma kuni.

Jumamosi tunakwenda kwa Gidamis. Fausta anasema baba hana nguvu, tumwache apumzike. Apumzike! Nilipompumzisha mimi nililaumiwa.

Jumamosi, 21 Juni

Ya leo ni makubwa. Nitayaandika tu.

Baba kaingia zizini na fimbo yake. Hakuonekana mgonjwa hata kidogo. Akawa anashika pembe, anasema huyu ni wa yule mweusi aliyevunjika mguu mwaka wa njaa, huyu bibi yake alikuja na mahari ya shangazi. Hakukosea hata mmoja. Gidamis akamshika mkono, macho yamemjaa machozi, akasema wachukue wote, ndugu yangu, umewataja.

Nikachukua kamba. Baba akaninyooshea fimbo! Akamuuliza Gidamis huyu mtu wa kamba ni nani. Gidamis akamwambia ni mwanao Yonas. Baba akacheka sana. Akasema Yonas bado mdogo, anakohoa, kamwacha nyumbani na mama yake. Akasema hawa ng'ombe wote ni wa Yonas, anamtunzia yule mtoto ili akikua asije akahangaika duniani, na asipewe mtu mwingine yeyote. Hasa huyu.

Nimetoa kitambulisho. Baba kaitazama picha, kanitazama mimi, kasema hata huyu wa kwenye picha hamfahamu.

Gidamis akasema mwenye mali ameshasema.

Jumapili, 22 Juni

Fausta kalia njia nzima jana, na leo kanisani kaendelea. Kaniuliza kama nilisikia baba alivyosema juu yangu. Nikamwambia nilisikia vizuri, kaninyima ng'ombe mbele ya boma zima. Kaniangalia, kaondoka zake. Ndiyo tabia yake akishindwa hoja.

Mimi nimeshapata mpango. Huyo Yonas, inaonekana baba hamkatalii kitu. Wiki ijayo tunarudi kwa Gidamis, nami nitajitambulisha kuwa ni mtu aliyetumwa na Yonas. Rahisi kabisa.

Ila lazima nimjue vizuri, baba akinihoji nisikwame. Kwa hiyo mchana huu nimekaa naye, nikamuuliza huyo mtoto yukoje. Kazungumza mpaka chai ikapoa. Anasema Yonas anaogopa radi, anapenda kubebwa mgongoni wakivuka mto, na hali mpaka baba arudi kutoka shambani. Nimesikiliza yote. Hakuna hata moja la kunisaidia.