Abrahamu wa Dirishani

Jumatatu, 1 Februari 1808, Dresden
Keshokutwa Profesa Hollweg anakusanya michoro yetu ya wino: Abrahamu akitaka kumchinja Isaka. Mshindi anapelekwa Roma. Asiyeshinda (mimi!) anarudi Pirna kwa baba, kujaza soseji mpaka kufa. Karatasi yangu bado nyeupe. Nimelia kidogo. Nikala kabichi ya Mama Kretzschmar, mwenye nyumba wangu. Nikalia zaidi.

Jumanne, 2 Februari
Mungu yupo! Leberecht, kipenzi cha Profesa, anakaa ng'ambo ya kichochoro. Jioni kabandika mchoro wake kwenye kioo cha dirisha ukauke, taa inawaka nyuma yake. Karatasi nyembamba, naona kila kitu! Nimenakili mpaka vidole vikafa ganzi. Pembeni kuna mstari wa Kiebrania. Mjanja huyo! Nimeuchukua nao, herufi kwa herufi.

Jumatano, 3 Februari
Nimekwisha. Profesa aliweka mchoro wangu na wa Leberecht bega kwa bega. Akauliza Abrahamu wangu ameanza lini kushika kisu kwa mkono wa kushoto. Nikasema wazee wa kale ndivyo walivyokuwa. Na haya maandishi? Nikasema Kiebrania, Mheshimiwa. Akaagiza kioo cha kujitazamia, akakisogeza kwenye mchoro wangu. Kiooni likasomeka jina: Leberecht Zschoche. Darasa zima hoi kwa kicheko! Leberecht, bila haya, akanishukuru kwa kumsainia. Nimefukuzwa.

Alhamisi, 4 Februari
Sijatoka kitandani. Mama Kretzschmar kagonga mlango, ati kama nakufa nife juu ya godoro tupu, shuka anazitaka leo.

Ijumaa, 5 Februari
Baba amekuja na gari la farasi. Hakunigombeza. Kanipa aproni mpya tu, akasema mama kaishona mwenyewe. Heri angenipiga.

Lakini jioni hii, dirishani kwa Leberecht, mchoro mpya! Balaamu na punda wake. Sasa kosa langu nalijua: nilikosa kioo! Nimekichukua cha Mama Kretzschmar. Naligeuzia dirisha mgongo, natazama kiooni, nachora. Fimbo, mkono, kila kitu upande wake. Nitaupeleka Leipzig, huko hawanijui.

Ajabu, huyu punda sura yake naifahamu. Kidevu kile, macho yale ya kuonewa. Ya nani? Kiooni tumekaa ubavu kwa ubavu, mimi na yeye, na bado sikumbuki.

Baba anafoka huko chini, farasi wanapigwa na baridi. Wangoje. Nimebakiza masikio tu.