Stendi ya Miguu Mitatu na Mihogo ya Paskalia

Jumanne, 8 Julai 2025

Mama Ritha, mwenyekiti wa kwaya yetu hapa Kharumwa, ameniita baada ya mazoezi. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba kwa upole ulionitia wasiwasi. Akasema ameitazama video ya harusi ya mpwa wake, ile niliyopiga mimi.

"Donatus, mwanangu," akasema, "mbona bwana harusi anaapa, halafu sisi tunatazamishwa feni?"

Ikabidi nieleze. Kichwa cha stendi ya kamera kililegea katikati ya kiapo, kamera ikainua uso ikatazama dari. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya pilau.

Akasema kwaya inataka kurekodi nyimbo nane mlimani, juu ya mawe. Jumamosi alasiri mimi na Theonest tutapiga wimbo mmoja mmoja. Atakayeleta picha iliyotulia atapewa kazi yote.

Theonest! Miaka mitano tunapiga video mji mmoja, na picha zake hazijawahi kutikisika. Siyo ufundi. Ni stendi. Nahitaji stendi nyepesi ya kupanda nayo mlima, na imara isiyovunjika. Nina siku nne.

Jumatano, 9 Julai

Nimekwenda Geita mjini, dukani kwa Nitin, muuza redio na kamera. Mama yake, Maniben, ambaye wote tunamwita Mama Nitin, alikuwa kaunta. Nilisema shikamoo, akanijibu kwa Kisukuma kilichonyooka kuliko changu.

Nitin alitoa stendi tatu. Nikauliza maswali hadi wateja wawili wakaondoka. Kwa nini mguu huu una vipande vinne na ule vitatu? Kumbe vipande vingi hukunjika fupi, lakini kila kiungo ni mahali pa kulegea. Kwa nini hii hufungwa kwa kibano na ile kwa kuzungusha? Kumbe kibano ni cha haraka, lakini kikivunjika umekwisha. Sikujua miguu mitatu ina elimu kiasi hiki.

Ya chuma ilikuwa nzito kama mtoto aliyelala. Ya aluminiamu ilikuwa nyepesi, ila nilipoibonyeza ikatetemeka kama mwenye homa. Ya nyuzi za kaboni niliinua kwa vidole viwili, nikaiegemea kwa uzito wangu wote, haikutingishika. Nikauliza bei. Nikauliza tena, nikidhani Nitin amekosea.

Mama Nitin akashauri nichukue ya aluminiamu na kutundika mfuko wa mchanga katikati, itatulia. Lakini mtu hanunui kitu chepesi ili akibebeshe mchanga. Nimerudi mikono mitupu, lakini na akili nyingi.

Alhamisi, 10 Julai

Upelelezi. Theonest alikuwa na kazi ya kipaimara, nikajitolea kumbebea mizigo. Alinitazama kwa muda, akakubali.

Stendi yake ni nyepesi kuliko pakiti ya sembe ya kilo mbili. Nimeipima mkono wa kushoto na kulia. Nilitafuta jina la kiwanda, limefutika. Miaka minane anayo. Nikamuuliza inakuwaje haijafa kwa vumbi la huku.

Baada ya kazi akakaa kwenye kigoda, akafungua miguu yote, akatoa mswaki mkuukuu na kuanza kusugua kila kiungo.

"Mchanga ndio unaoua stendi," akasema. "Mimi kila siku nasafisha. Siri ndiyo hiyo, ndugu yangu."

Mtu mjanja sana. Ananificha jina la kiwanda kwa hadithi ya mswaki.

Ijumaa, 11 Julai

Nimepata! Mzee George, aliyewahi kufanya kazi na wapima ardhi kule Mwadui, anayo stendi yao ya zamani. Mbao za njano, ncha za chuma. Imenizidi umri na haina hata ufa. Tumekubaliana nitampigia video ya ubarikio wa mjukuu wake.

Nikauliza kama ni nyepesi. Akasema sana. Nimeibeba hadi nyumbani na kupumzika mara tano. Ndipo nikakumbuka kwamba Mzee George zamani alikuwa anawabebea wapima ardhi mawe ya mipaka.

Lakini uzito ni mbao, na mbao hutobolewa. Nimeazima keekee kwa fundi seremala na kutoboa kila mguu matundu kumi na mawili. Mke wangu, Euphrasia, alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Akauliza ule uimara niliousifia asubuhi nimeuacha upande gani wa tundu. Nikamwambia hayo ni mambo ya uhandisi. Akarudi jikoni.

Skrubu yake ni kubwa mno kwa kamera yangu. Nimeifunga kamera kwa mpira wa tyubu. Haitikisiki.

Jumamosi, 12 Julai

Siku ndefu. Naandika yote.

Saa mbili asubuhi nilikwenda kijiji cha jirani, karibu na uzio wa mgodi, kuijaribu stendi mtelemkoni. Nilivaa kizibao changu cha rangi ya chungwa kinachong'aa, ili bodaboda wanione. Nikasimika miguu, nikachungulia kwenye kamera, nikahesabu hatua ishirini, nikaandika kwenye daftari. Nikasogea, nikarudia.

Nilipoinua uso kulikuwa na watu wanane. Baba mmoja akaniletea kiti. Mwingine akauliza kama migomba inahesabiwa kwa shina au kwa mkungu. Sikuelewa swali, lakini mahindi ya kuchoma yalikuwa matamu, nikasema inategemea. Vijana wawili wakanibebea stendi kwa heshima kubwa. Nikawaachia. Ni nzito, hata na matundu.

Mbele kidogo nikaona mtu anapigilia bati kwenye nguzo ambazo dakika kumi kabla hazikuwepo. Mama mmoja mjane, Paskalia, alikuwa anachomeka miche ya mihogo kwenye vumbi la Julai, wakati ambapo hata ndege hapandi kitu. Ndipo nikafahamu. Walikuwa wanategesha: wanapanda na kujenga haraka ili mgodi ukija kuchukua ardhi, fidia iwe nono. Na mthamini wa mgodi, machoni pao, nilikuwa mimi.

Ningeweza kusema papo hapo. Nilimaliza hindi kwanza.

Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Maganga, akafika na daftari lake. Akaomba barua ya wilaya. Nikasema sina. Akauliza basi ninapima nini.

"Napima stendi, mzee. Ya kamera. Naangalia kama inafaa kwa kwaya."

Yule wa bati akashuka kwenye ngazi. Nilitegemea kupigwa, ila Mzee Maganga ni mtu wa utaratibu. Akaamuru nipite kila nyumba, kumi na nne, nikieleza kwa kinywa changu, na stendi begani wapate kuiona. Safari hii hakuna aliyenibebea.

Paskalia hakunigombeza. Alisema tu kwamba miche ile alikuwa ameitunza kivulini, akingoja mvua za mwezi wa kumi. Sasa ikibaki juani itakufa. Nikapiga magoti tukaing'oa yote, mmoja mmoja, tukaifunga na kuirudisha chini ya mti. Hilo limeniuma hadi sasa.

Mlimani nilifika nikiwa wa mwisho, magoti yana vumbi, mabega yanawaka. Theonest alikuwa ameshamaliza wimbo wake. Nikasimika yangu juu ya jiwe. Kwaya ikaanza. Ubeti wa kwanza ulitulia kama maji ya mtungini, nikamtazama Mama Ritha, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Besi walipoingia kwa nguvu, mguu mmoja ukakatika kwenye tundu la saba. Theonest aliruka akaidaka kamera yangu kabla haijagusa jiwe.

Amepewa kazi yote. Ameniomba niwe msaidizi wake. Nimesema nitafikiri.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya ibada Euphrasia alinishauri nikubali kazi ya Theonest, nijifunze mwaka mmoja. Mama Ritha alisema hivyo hivyo. Mzee George aliuliza stendi yake inaendeleaje. Nikamwambia sasa ni nyepesi sana.

Jumatatu, 14 Julai

Nimewaza tangu alfajiri na nimeona tulipokosea wanadamu wote. Tunahangaika kutafuta miguu bora wakati tatizo ni miguu yenyewe. Nitin amenipigia simu: ana droni moja, kamera inayoruka, atanikodisha kwa siku tatu. Haina mguu hata mmoja, kwa hiyo hakuna cha kuvunjika. Na nyepesi kuliko hewa, karibu.

Sitakwenda tena kuwasumbua wanakijiji. Nimetafuta mahali patulivu pa kujifunzia kuirusha na nimepapata: ule uwanja mpana wa mgodi, nyuma ya uzio. Hakuna miti, hakuna mihogo. Na kuna walinzi wenye silaha pande zote, kwa hiyo haitaibiwa.