Ndiyo Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Juni 2024

Mganga mfawidhi wetu, Bwana Sifaeli, ametangaza: nesi atakayewashauri wajawazito vizuri zaidi wiki hii ataenda Arusha mjini kufundisha manesi wa zahanati nyingine. Ni mimi! Tuko wawili tu, mimi na Sista Naipanoi, na yeye ni mpole kupita kiasi. Nimeshachagua shati.

Leo nimewaeleza kina mama dalili zote za hatari kwa dakika nne. Nikauliza kama wameelewa. Wote ndiyo! Nimeandika daftarini: ndiyo ishirini na tatu. Naipanoi kahudumia sita. Namhurumia.

Jumatano, 5 Juni

Nimechungulia kwa Naipanoi nione anachelewa wapi. Kumbe haulizi kama mtu ameelewa! Amekaa benchi moja na mama, anamwuliza taratibu: "Ukifika nyumbani, mama mkwe akikuuliza nesi kasema nini, utamjibuje?"

Mama kakwama. Naipanoi akaeleza upya, kwa Kiarusha, mara tatu, bila kununa. Mimi ningenuna. Kusema kweli, ni raha kumtazama. Nilisahau kabisa kwamba nimekuja kupeleleza.

Ndiyo kumi na nane leo. Jumla arobaini na moja.

Ijumaa, 7 Juni

Mbinu ya kummaliza Naipanoi! Nilimwita Anna, mimba ya miezi minane, aliyejibu ndiyo kwa sauti kubwa kuliko wote Jumatatu. Nikamwomba Bwana Sifaeli amjaribu mbele ya watu. Akamwuliza atafanya nini kichwa kikimwuma sana na akiona maruweruwe.

Anna akatazama chini kwa heshima. "Ndiyo."

Watu wakacheka. Mimi jasho. Naipanoi hakucheka. Akaketi naye, akamwuliza kwa Kiarusha. Kumbe kichwa kinamwuma tangu Jumanne, na macho yanaona ukungu! Akampima presha. Iko juu mno! Uso wa Naipanoi ukabadilika. Ndani ya nusu saa Anna alikuwa kwenye gari la wagonjwa, na Naipanoi kamshika mkono.

Nimeogopa sana. Jumatatu nilimtajia dalili hizo hizo, akasema ndiyo, nami nikaandika namba.

Jumatatu, 10 Juni

Anna amejifungua kwa upasuaji. Mama na mtoto wazima! Mama mkwe wake kaja na kibuyu cha maziwa ya mgando, kamkabidhi Naipanoi huku akilia. Naipanoi ndiye anayekwenda mjini. Nilipiga makofi mpaka viganja vikauma. Anastahili, sina ubishi.

Ila tukumbuke nani alimwita Anna Ijumaa. Mbinu yangu!

Nimemwomba Naipanoi anifundishe. Kakaa nami saa nzima, mpole vilevile. Mimi nilikuwa nachora daftari jipya la safu mbili: nitakuwa nauliza mara mbili kama wameelewa, nipate ndiyo maradufu. Mwishoni akaniuliza: "Kaka Oscar, Bwana Sifaeli akikuuliza nimekwambia nini, utamjibuje?"

Nikatazama chini kwa heshima. Nikamjibu ndiyo.