Nilivyomtunza Mpigaji Asiyekuwepo

Jamani, leo nimeaibika. Msinikatize, nimalize.

Mnajua wapigaji wetu wa ngoma wamehamia kijiji cha ujamaa, na Jumamosi tuna harusi Buguruni. Shangazi wa bibi harusi kanipa mpaka leo jioni nipate wengine, la sivyo anachukua kikundi cha Magomeni. Basi asubuhi yote nazunguka Kariakoo, roho juu.

Nikafika duka moja la Wahindi, la vitambaa. Nyuma ya pazia, ngoma. Lakini ngoma jamani! Ilianza taratibu, kama mvua inayojaribu bati, mara ikachanganya. Vinyweleo vikanisimama. Nikatega sikio (si mimi kiongozi wa kikundi?), nikawajua: huyu wa nzito, huyu wa nyepesi, na yule wa tatu anawachokoza wenzake. Watatu! Mungu kanisikia.

Muuzaji alikuwa anampimia kitambaa mama mmoja aliyenipa mgongo. Sikumwuliza mtu. Kwetu mpigaji akikukuna huombi ruhusa, unamtunza. Nikachomoa noti yangu ya matumizi, nikailamba, nikapita pazia nacheza, kiuno kimelegea (na umri huu), nikaibandika kwenye paji la uso la kwanza nililoliona.

Bibi wa Kihindi. Kaketi peke yake, kando yake santuri inazunguka.

Nikasema shikamoo. (Ungesema nini?)

"Marahaba," akajibu, noti bado usoni. "Kaa, haijaisha."

Nikakaa sakafuni. Nikamwuliza hao watatu wanapatikana wapi. Akanitazama kwa huruma, akasema ni mtu mmoja na vingoma vyake viwili. Nikabisha. Akairudisha sindano mwanzo. Nikasikiliza tena huku natazama vidole vyangu mwenyewe, kumi kama vya huyo mpigaji, nikaona haya, nikavificha. Mtu mmoja! Tangu nizaliwe sijasikia kitu kama kile, na machozi yalinilenga, siwafichi.

Nikamwambia basi huyo mmoja anatosha, aje Jumamosi.

"Alikufa kabla sijaolewa," akasema.

Nikainuka, nikafungua pazia. Yule mama wa kitambaa alikuwa amesimama pale pale. Ndiye shangazi wa bibi harusi, na kumbe aligeuka akaona kiuno, mengine kayasikia yote. Kacheka mpaka kashika meza, kisha kaniongezea siku moja, kwa kunihurumia tu.

Kwa hiyo wapigaji bado sina. Atakayecheka hapa, kesho nampeleka yeye.