Otis na Nafasi Moja ya Malisho ya Juu

Jumatatu, 6 Januari

Siku ya kumi na tisa ya mvua. Matope ya langoni yamefika magotini. Leo yamenimeza buti la kushoto. Nilivuta, mguu ukatoka, buti likabaki. Nikamfikia Otis nikiwa na soksi tu mguuni. Otis ni farasi wangu, wa kahawia, kilo mia tano na hamsini za ukaidi. Akautazama mguu wangu, akacheka. Mke wangu Nadine anasema farasi hacheki. Hamjui Otis.

Binamu yangu wa Montana kapiga simu kulalamikia theluji. Theluji! Kitu unachoweza kukifagia!

Habari kubwa. Bi Verna Tollefson, mwenye shamba, ametukusanya sote tunaoweka farasi kwake. Farasi mmoja wa malisho ya juu amehamia Arizona. Nafasi moja iko wazi. Malisho ya juu! Kule kilimani kuna changarawe na kibanda chenye paa. Huku chini tuna kinamasi chenye uzio. Bi Verna akasema ataamua Jumapili. Anayeitaka nafasi ampande farasi wake toka langoni hadi kwenye mti wa mwaloni na kurudi, kisha yeye atamkagua. Nikamuuliza anatafuta nini hasa. Akasema farasi anayetunzwa.

Yaani msafi. Nimemwelewa.

Tulioinua mikono ni wawili tu, mimi na Marlys Hagedorn, mwalimu mstaafu. Farasi wake, Lulu, ni mweupe. Yuko kwenye matope yaleyale ya Otis na bado ni mweupe! Hilo si jambo la kawaida. Yule mama ana siri.

Jumanne, 7 Januari

Wazo limenijia nikiwa nakunywa chai. Zulia! Ukitandika zulia langoni, farasi anapita bila kuchafuka. Ajabu hakuna aliyewahi kufikiria hivyo.

Nimechukua lile kuukuu la gereji, nikalitandika saa tatu asubuhi. Lilipendeza. Tatizo ni kwamba farasi kumi na mmoja wa malisho ya chini waliliona kama shimo la kuzimu. Hakuna aliyethubutu kulikanyaga. Wakarundikana upande wa pili, wanakoroma, macho yamewatoka, huku Bi Verna ameketi kwenye trekta lenye marobota ya majani makavu na hana pa kupita. Akaniuliza kama nina akili timamu. Nikamwambia ni ubunifu. Akalikanyaga kwa trekta.

Saa nane zulia halikuonekana tena. Limezama lote.

Jioni Nadine akauliza liko wapi zulia la marehemu mama yake, alilolihifadhi gereji. Nikasema liko shambani, linatumika.

Jumatano, 8 Januari

Fundi wa kwato amekuja. Ruben Escamilla, mtu mzuri, lakini hana upeo. Akainua mguu wa mbele wa kulia wa Otis, akanusa, akakunja uso. Akasema kwato inaanza kuoza kwa chini, kwa sababu ya unyevu. Bado si mbaya. Akanipa dawa ya chupa na kile chuma kidogo cha kuchokolea kwato, akasema nimsafishe miguu kila siku, dakika kumi, na nimsimamishe mahali pakavu kila nipatapo nafasi.

“Dakika kumi tu, bosi. Kila siku. Usiruke hata moja.”

Nikamwambia sawasawa. Lakini wiki hii sina hizo dakika kumi. Nina mashindano ya kuandaa. Isitoshe, Otis akipata malisho ya juu, kwato zitakauka zenyewe. Ruben hajaliona hilo. Anaangalia kwato, mimi naangalia mbali.

Alhamisi, 9 Januari

Leo nimekwenda kumpeleleza Marlys. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimelala nyuma ya marobota, nimejifunika majani makavu, tundu la kuchungulia tayari. Marlys akafika na chupa yake ya kahawa. Akamfunga Lulu, akaanza kumpiga brashi. Nikasubiri nione dawa, mafuta, mashine, chochote. Anapiga brashi tu! Akainua mguu, akachokoa kwato. Mguu wa pili. Wa tatu. Nikaanza kusinzia.

Kumbe Otis alikuwa amenusa karoti zilizo mfukoni mwangu. Akapitisha kichwa juu ya uzio, akakisukuma ndani ya majani, akaniuma koti, akanivuta nje mzimamzima mbele ya yule mama.

“Lorne! Baba, umelala humo?”

Nikamwambia natafuta skrubu.

“Kwenye majani?”

“Ni skrubu ndogo.”

Hakucheka. Akanimiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa, akaniambia nipanguse nywele. Nikamuuliza, kijanjajanja, Lulu anakuwaje msafi hivi. Akasema huja kila siku asubuhi, basi.

Huja kila siku asubuhi! Anadhani mimi mtoto mdogo. Mtu mwenye siri nzito hivi si wa kuchezea.

Ijumaa, 10 Januari

Otis ana soksi nne nyeupe. Yaani manyoya meupe toka kwato hadi chini ya goti. Najua kwa sababu nina picha ya kiangazi. Leo nimeziosha kwa maji ya moto na shampuu ya Nadine yenye harufu ya waridi. Zikawa rangi ya chai ya maziwa. Haitoshi. Nikazipaka unga wa ngano.

Nyeupe pe! Nimesogea nyuma nimtazame, machozi yakanilengalenga.

Halafu mvua. Unga ukishika maji nadhani kila mtu anajua unakuwa nini. Ndani ya robo saa Otis alikuwa amesimama kwenye mikate minne mibichi. Farasi wengine wakaja kumlamba. Lulu alikuwa wa kwanza. Marlys akasimama ameshika tama. Akasema kwa upole kwamba farasi akila unga mwingi tumbo humsokota, kwa hiyo afadhali tumwoshe haraka. Tukamwosha wote wawili, kila mtu miguu miwili. Anataka kujifanya mwema, nimemshtukia.

Jumamosi, 11 Januari

Mazoezi ya mwisho. Nikatia tandiko, nikapanda, tukaenda vizuri mno. Hatua ishirini! Tulipofika kwenye dimbwi la katikati Otis akasimama. Akapiga maji kwa kwato. Wenzangu wote wenye farasi wanajua maana yake. Mimi nilidhani anasalimia. Akakunja magoti ya mbele, ya nyuma, akalala chini na tandiko langu, akaanza kugaagaa. Niliruka kwa wakati. Niliruka kwenye dimbwi.

Alipoinuka, nikacheka kidogo. Kisha nikaona anachechemea. Mguu wa mbele wa kulia. Hatua moja nzuri, moja anagusa tu chini.

Sikucheka tena.

Nikampeleka kwenye sakafu ya saruji mbele ya chumba cha matandiko, nikauweka ule mguu juu ya paja langu. Chupa ya dawa ya Ruben haijafunguliwa. Harufu ikanipanda puani. Chini ya kwato pamekuwa laini, peusi, na nilipogusa akaurudisha mguu na kutetemeka bega. Otis, ambaye hajawahi kuogopa kitu isipokuwa mazulia. Nimekaa pale kwa muda wa saa mbili, nikichokoa taratibu, nikiosha, nikitia dawa. Marlys akaja, akamshika kichwa akimkuna kidevu. Otis akaegemeza paji la uso kifuani kwake na kufumba macho.

Nimerudi nyumbani bila hamu ya chakula. Nadine akaniuliza nina nini. Nikasema mgongo.

Jumapili, 12 Januari

Siku yenyewe. Bado anachechemea, ingawa kidogo. Mtu mwingine angejitoa. Mimi nilikuwa na mpango. Nilimfunika Otis koti la mvua la farasi mkubwa zaidi yake, linalofika chini kabisa. Asiyeona miguu hawezi kuona kuchechemea. Sikumpanda, simpandi mgonjwa. Ningemwongoza kwa kamba na kusema ndio mtindo wa kisasa.

Lulu alitangulia. Toka langoni hadi mwaloni na kurudi, kama maji yanatiririka. Hata mimi nilipiga makofi, kwa bahati mbaya.

Zamu yetu. Hatua ya nne Otis akalikanyaga koti. Ya tano likapasuka toka shingoni hadi mkiani, likabaki matopeni. Tukasimama wazi mbele ya watu wote. Bi Verna akashuka kwenye trekta, akainua ule mguu, akautazama muda mrefu.

“Lorne, huyu farasi anaumwa. Na wewe unamvisha gauni?”

Uso ukanishuka. Nilikuwa na majibu matatu tayari, yote mazuri. Sijui yalikwenda wapi.

“Anaumwa tangu jana,” nikasema. “Kosa langu, Bi Verna. Niliambiwa nimsafishe, sikumsafisha. Usinipe mimi kitu. Lakini yeye mtafutie pakavu, hata kwenye banda la kuku.”

Bi Verna akauteremsha mguu taratibu.

Akasema nafasi ni ya Lulu, kila mtu ameona. Ndipo Marlys akateremka kwenye tandiko.

“Lulu ana kwato ngumu kama mawe. Mpe Otis.”

“Marlys, umesubiri kupanda huko miaka minne.”

“Basi nitasubiri wa tano. Mpeleke farasi, mama, analowa.”

Akaokota vipande vya koti langu na kuvikunja kimoja kimoja, kama vile vilikuwa na kazi. Nilitaka kumwambia kitu. Nikamwambia farasi wake ana mkia mzuri.

Saa tano Otis alikuwa juu kilimani, kwenye changarawe kavu, chini ya paa, anatafuna.

Jumatatu, 13 Januari

Nimelala, nimefikiri, sasa naona picha nzima. Lile koti! Bila koti kupasuka, nani angeuona mguu? Bila mguu, nani angempa nafasi? Mpango ulifanya kazi, ila kwa mlango wa nyuma. Na Marlys alijua ameshindwa, ndiyo maana akajitoa mapema kulinda heshima. Nimemsamehe.

Ruben kapiga simu kuuliza kama nimesafisha kwato leo. Nimemwambia huku juu ni pakavu, hakuna haja ya kuwa na wasiwasi.

Kuna jambo dogo tu. Kona nzuri ya kibanda, ile isiyofikiwa na upepo, imekaliwa na Bernadette, punda mzee wa Bi Verna. Otis akisogea, anapigwa teke. Bi Verna anasema niwaache watazoeana wenyewe. Hana upeo.

Kesho nachukua kioo kirefu cha chumbani kwetu na kukiegemeza pale konani. Bernadette akiona punda mwingine keshakaa, ataondoka kwa adabu. Nadine hatakihitaji kabla ya Jumatano. Ni mpango ambao hauwezi kuharibika.